Magurudumu ya Mbele na Urithi wa Gari la Farasi

Kazi ile ambayo gereji zetu huiita alaimenti, nayo ni kuyaweka magurudumu ya mbele katika mwelekeo wake wa haki ili gari lisivute upande na matairi yasilike ubavu mmoja, aghalabu hudhaniwa kuwa ni zao la mitambo ya umeme na miali ya nuru. Ilhali asili yake ni kongwe kuliko injini yenyewe, na walioifahamu kwanza hawakuwa makanika, bali maseremala wa Ulaya waliounda magari ya kukokotwa na farasi.

Maseremala hao hawakuliunda gurudumu likawa bapa kama ubao. Walizilaza spoki zake kutoka kitovuni hata likapata umbo la kisahani, kwa kuwa farasi aendapo huuyumbisha mzigo kushoto na kulia, na gurudumu bapa lisingaliuhimili msukumo ule wa ubavuni bila ya kuachana viungo. Na maadamu spoki zimelala, ilibidi ncha ya ekseli nayo iinamishwe kidogo, ili spoki iliyobeba uzito isimame wima juu ya ardhi, na sehemu ya juu ya gurudumu ikaegemea nje. Lakini gurudumu lililoegemea hivyo halikubali kwenda mbele moja kwa moja. Hutaka kuzunguka kwenda nje, kama kikombe kilicholazwa mezani kinavyokwenda duara, na daima huisukuma pini ile inayolizuia lisichomoke. Ndipo wakazipinda ncha za ekseli kuelekea mbele kwa kiasi kidogo mno, magurudumu yakakaribiana mbele kuliko nyuma, na msukumo ule ukatulia. Mimi huyahesabu haya kuwa katika maarifa mazuri kabisa ya mikono ya wanadamu, kwani yalirithishwa kwa jicho na mazoea, pasipo hesabu za chuoni.

Amma habari ya kukata kona, kwa zama nyingi ekseli nzima ya mbele iligeuka juu ya pini moja ya katikati, jambo lililolifanya gari kuwa jepesi wa kupinduka. Mwaka 1817 Georg Lankensperger, muunda magari wa Munich, akabuni kila gurudumu ligeuke juu ya pini yake lenyewe, na mwaka uliofuata Rudolph Ackermann, mchapishaji na muuza picha wa London aliyekuwa wakili wake, akaisajili hataza huko Uingereza. Ndiyo maana jina lililobaki vinywani mwa wahandisi ni la wakili, wala si la fundi, nami nasikitika kwa hilo. Katika mpango huo gurudumu la ndani ya kona hugeuka zaidi ya lile la nje, kwa kuwa duara lake ni dogo. Karl Benz, ambaye gari lake la 1886 lilikuwa na magurudumu matatu, alipata hataza ya usukani wake wa magurudumu manne mwaka 1893.

Ford ya Modeli T, iliyoundwa tangu 1908 hata 1927 na kupita idadi ya milioni 15, iliupokea urithi wa gari la farasi: magurudumu yake ya mbele yaliachana juu kuliko chini kwa inchi 3 hivi. Kitabu cha maelezo alichopewa mnunuzi kilimwambia hayo waziwazi, kikamwonya pia kwamba mbele yasikaribiane zaidi ya robo inchi. Basi kampuni ilimhesabu mwenye gari, mkulima wa shambani akiwamo, kuwa ni mtu wa kuaminiwa kipimo.

Na haja ya kukaribiana huko haikuondoka hata magurudumu yaliposimamishwa wima, kwani gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma liendapo, barabara huyazuia yale ya mbele, ulegevu wa viungo ukafika ukomo wake, nayo yakataka kuachana. Kwa hiyo hukaribishwa yakiwa yametulia ili yawe sambamba mwendoni.

Kupima kwenyewe nyumbani huanza kwa kulitikisa kila gurudumu, maana pini zilizolika hufanya kipimo chochote kuwa uongo. Kisha gurudumu huinuliwa kwa jeki, likazungushwa huku chaki ikiligusa tairi, na msumari ulioshikwa imara ukachora mstari mwembamba juu ya chaki hiyo. Gari huteremshwa mahali tambarare, likasukumwa mbele kidogo ili springi zikae mahali pake, na masafa baina ya mistari miwili hupimwa upande wa mbele, kwa kimo cha kitovu. Halafu husukumwa tena nusu mzunguko wa gurudumu, hata alama zile zile zikafika nyuma, zikapimwa mara ya pili. Nusu mzunguko huo usidharauliwe: rimu ya kale ni nadra kukosa kombo, na kwa kuzifuata alama zile zile kombo hilo haliingii katika hesabu.

Mwaka 1934 kampuni ya General Motors, kwa juhudi za mhandisi Maurice Olley, ilitoa magari ambayo kila gurudumu la mbele lilikuwa na springi mbali na mwenziwe, na pembe za kurekebisha zikazidi. Land Rover iliyotoka 1948, ambayo barabara za vumbi za Afrika Mashariki ziliifahamu vyema, ilibaki na ekseli nzima. Pembe zake nyingine zimefungwa na muundo, na kilichoachiwa mkono wa mwenye gari ni kukaribiana tu, milimita 1.2 hadi 2.4. Hulegeza vibano vya tairodi, ile fimbo inayoyaunga magurudumu mawili ya mbele, akaizungusha kwa uchache, kwa kuwa hesi zake ni za kulia upande mmoja na za kushoto upande wa pili, akalisukuma gari, akapima upya. Na mara nyingi jua huchwa angali amepiga magoti, chaki mkononi.