Visu Visivyo na Jina: Tarehe ya Wahunzi wa Kusini mwa Ziwa

Kisu cha mhunzi bado kinapatikana Buzuruga, jijini Mwanza. Utakiona kimetandazwa juu ya gunia pamoja na majembe, mashoka na majiko ya mkaa, bapa lake jeusi, makali peke yake yaking'aa, mpini wa mti uliochongwa kwa panga. Hakina jina wala alama. Dukani, hatua chache kutoka hapo, kisu kutoka China kimefungwa kwenye plastiki na chapa yake inasomeka. Wapita njia wengi huchukua hicho cha dukani. Si neno, kila mtu na mfuko wake. Lakini kile cha kwanza kina ukoo, na ukoo huo ni mkongwe kuliko mji wa Mwanza wenyewe.

Huko magharibi mwa Ziwa Victoria, Kagera, wachimbuaji wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya matanuri ya kuyeyushia chuma yenye umri wa miaka ipatayo 2,000, pamoja na vyungu vya mtindo wa kale uitwao Urewe. Katuruka ni mojawapo ya mahali hapo. Mwaka 1976, Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya walioijua kazi hiyo tangu ujana wao wajenge tanuri tena. Wazee wakajenga kwa udongo wa kichuguu. Wakachimba shimo, wakachoma ndani yake matete ya bwawani, kisha wakapanga mkaa na mtapo. Mirija ya udongo waliiingiza ndani kabisa ya tanuri, hata upepo wa mivukuto ukawa unapata joto kabla haujaufikia mkaa. Mwaka 1978 watafiti hao walitangaza kwamba joto lilipita nyuzi 1,800. Wataalamu wenzao walibishana nao kwa miaka juu ya kazi hasa ya upepo ule wa moto, na mabishano ya namna hiyo ni haki ya elimu. Kwangu mimi linalotosha ni kwamba wazee wasio na kipimajoto wala kitabu walitoa chuma chenye kaboni kutoka kwenye mawe ya kwao, kwa kumbukumbu tu.

Kusini mwa ziwa, kazi hii ilishikwa na Warongo. Makao yao yalikuwa Uzinza, katika nchi ambayo leo tunaijua zaidi kwa dhahabu ya Geita. Warongo walikuwa watu wa asili mbalimbali waliounganishwa na tanuri, na aliyeingia kazini alifuata miiko yake. Chini ya tanuri kulizikwa dawa. Waliokuwa wakiyeyusha walijitenga na wake zao hadi kazi iishe, kwa kuwa tanuri lenyewe lilihesabiwa kuwa mwanamke aliye karibu kuzaa. Msomaji wa leo asiharakishe kuiita miiko hiyo ushirikina. Kuyeyusha chuma kulitaka siku za kukata miti, kuchoma mkaa, kuchimba na kuokota mtapo, halafu kuvukuta bila kupumzika, na kosa moja likamwaga yote. Miiko ndiyo iliyowakusanya watu mahali pamoja na kuwaweka katika nidhamu mpaka chuma kitoke.

Jembe ndilo lililokuwa bidhaa kuu. Lilikwenda Usukuma na Unyamwezi, likatumika kulipia mahari, likafika hadi soko la Tabora. Kisu, mkuki na shoka vilifuata nyuma yake kutoka kwenye moto uleule. Ukitaka kuona zana za wahunzi hao, panda gari Buzuruga uelekee upande wa Musoma, ushuke Kisesa, uingie Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, aliyoyaanzisha Padre David Clement. Ni mwendo mfupi, na inasikitisha kwamba wengi wetu tunaipita njia ile kila wiki bila kushuka.

Mwishoni mwa karne ya 19 mambo yalianza kugeuka. Alexander Mackay, fundi mitambo wa Kiskoti aliyekuja kama mmisionari, alifua chuma kwa mikono yake Usambiro, kusini mwa ziwa, hadi alipofariki mwaka 1890. Baada yake wakaja Wajerumani, kisha Waingereza, na pamoja nao majembe ya viwanda vya Ulaya yaliyouzwa kwa bei ambayo tanuri la udongo halikuiweza. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, bidhaa hizo zilipata njia nyoofu. Matanuri yakazimika. Watoto wa wayeyushaji hawakufundishwa, kwa sababu hapakuwa tena na sababu ya kuwafundisha.

Ila mhunzi hakuzimika na tanuri. Waliomnyang'anya mtapo walimletea vyuma vyao vikiwa vimechakaa: kipande cha reli kikawa fuawe, na springi za malori zikawa malighafi. Katikati ya mji, Makoroboi ikajulikana kwa mafundi waliogeuza makopo na bati kuwa taa na upawa. Baada ya uhuru serikali ilijenga kiwanda cha zana za kilimo cha UFI huko Ubungo, Dar es Salaam, na jembe lake likaingia kila kijiji. Mwaka 1973 sheria ya Bunge ikaunda shirika la SIDO kwa ajili ya viwanda vidogo. Ofisi yake ya Mwanza iko Nyakato, jirani kabisa na Buzuruga, katika eneo lenye viwanda, gereji na skrepa za kila aina. Kwa mhunzi, hapo ndipo mgodi ulipo sasa.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Springi ya lori la Fuso ina kaboni kiasi cha nusu asilimia au zaidi kidogo, na hiyo ndiyo inayoifanya iwe ngumu na yenye kurudi inapopindwa. Fundi huikata kwa tindo ikiwa nyekundu, huku kijana akivukuta, siku hizi mara nyingi kwa feni inayozungushwa kwa mkono. Chuma hurefushwa kwa nyundo, kikakunjuka, kikawa bapa. Upande mmoja huchongoka na kuwa msumari wa kuingia kwenye mpini, nao huingizwa ukiwa wa moto hata mti ukatoa moshi, ukakaza wenyewe. Tupa hufuata, na jiwe.

Katikati ya hayo kuna hatua moja inayoamua yote. Kisu hurudishwa motoni mpaka kiwe na rangi ya chungwa bivu, wakati ambapo sumaku haikishiki tena, ndipo kikazamishwa. Kikizamishwa katika oili hugeuka kigumu. Kikitupwa katika maji baridi, chuma cha springi huweza kupasuka. Kisha hupashwa tena kidogo, mpaka uso wake uliosafishwa uwe na rangi ya majani makavu, ili ugumu upungue kiasi na makali yasimeguke. Hatua hiyo ya pili ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa haraka au kwa kutofundishwa. Akina mama wanaosema kisu cha mhunzi kinavunjika ncha, au kinameguka makali kabla ya mchana, hawamsingizii mtu. Kasoro ipo, na dawa yake ni dakika chache za moto mdogo.

Linganisha na wahunzi wa Italia. Maniago, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, ilipata uwezo mwaka 1453 pale bwana wa mji, Nicolò, aliporuhusiwa na Venice kuvuta maji ya mto Colvera kwa mfereji. Maji yale yakasukuma nyundo za wahunzi. Scarperia, karibu na Firenze, mafundi visu wake walikuwa na kanuni zao za chama zilizoandikwa mwaka 1538. Miji hiyo miwili inaishi kwa visu hadi leo, na mnunuzi wa Tokyo au New York hulipa zaidi kwa sababu jina la mji na la fundi limegongwa kwenye bapa. Mikono yao haikuwa na baraka kuliko ya Warongo. Walipata maji, wakapata kanuni, na majina yao yakaandikwa.

Sisi tulipata sangara. Alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilikuwa vimejipanga ufukweni Mwanza. Pengine kazi ya kisu haijawahi kuwa kubwa hivyo katika mji wowote wa Tanzania, watu wamesimama mezani zamu nzima wakitenganisha mnofu na mfupa. Minofu ilisafirishwa Ulaya, Italia ikiwemo. Ila masharti ya usafi ya soko hilo yalitaka vifaa visivyoshika kutu na vinavyosafishika kirahisi, hivyo mpini wa mti na bapa jeusi vikabaki nje ya geti. Kisu cha mhunzi kikaenda soko la samaki la Mwaloni na mitaani, kupasua mapanki, yaani mifupa iliyobaki baada ya minofu.

Ninaamini kazi hii inaweza kuinuliwa bila mamilioni. Wahunzi wanahitaji mafunzo ya kupasha na kupoza chuma, pipa la oili, na muhuri wa feleji wa kugonga jina. SIDO ipo Nyakato, Shirika la Viwango lipo tangu 1975, na halmashauri ina fungu la mikopo ya vijana. Viongozi wa Ilemela, manispaa yenye Buzuruga, waiteni wahunzi mezani. Nawe msomaji, ukinunua kisu pale Buzuruga, mwulize fundi jina lake na umwombe aligonge kwenye bapa kabla hujalipa.