Mahema ya Iron Triangle

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, viwanda vya kampuni ya Kaiser mjini Richmond, California, viliunda meli 747. Kazi hiyo iliwavuta maelfu ya Wamarekani Weusi kutoka Louisiana, Texas na Arkansas. Vita vilipokwisha viwanda vikafungwa, watu wakabaki bila kazi katika mitaa walimobanwa na ubaguzi. Mmojawapo ni Iron Triangle, uliozungukwa na reli pande tatu. Naanzia hapo kwa makusudi, maana habari nyingi za Richmond huanzia kwenye risasi, kana kwamba vijana wa huko walizaliwa na bunduki mkononi.

Mwaka 2006 viongozi Weusi wa mji huo, akiwemo Mchungaji Andre Shumake, walichoka kuzika watoto wa watu waliouawa kwa risasi. Wakapiga mahema Iron Triangle, palepale damu ilipokuwa ikimwagika, wakalala humo pamoja na wakazi. Mahema yakaenea hadi mitaa mingine. Wengi huihesabu historia ya kupambana na mauaji hayo kuanzia mwaka uliofuata, mji ulipounda Ofisi ya Usalama wa Mitaa. Kwangu mimi inaanzia kwenye mahema hayo.

Mwaka huo wa 2007, watu 47 waliuawa katika mji wa watu kama 100,000. DeVone Boggan, aliyekabidhiwa ofisi mpya, aliajiri watu wa mitaa hiyohiyo, wakiwemo waliowahi kufungwa jela. Hawakupeleka siri za vijana polisi. Bila hivyo, nani angewafungulia mlango?

Mwaka 2010 Boggan alianzisha mpango wa miezi 18 kwa vijana walioshukiwa kuwa ndio wafyatuaji wakubwa wa risasi. Kila mmoja alijiwekea malengo: masomo, leseni ya udereva, kazi. Washauri waliwafuatilia karibu kila siku. Aliyeonyesha bidii kwa miezi sita aliweza kupata posho ya hadi dola 1,000 kwa mwezi, fedha za wafadhili binafsi. Kelele zikawa nyingi: wahalifu walipwe kwa nini?

Kelele hizo zilifunika jambo zito zaidi, nalo ni safari zilizotolewa na mpango huo. Kijana aliyetaka kwenda mbali alitakiwa akubali kufuatana na hasimu wake wa mtaa mwingine. Waliokuwa wakiwindana wakapanda ndege moja na kula meza moja, ugenini, ambako hapakuwa na rafiki wa kuwachochea wala kisasi cha kulipwa jioni ile.

Mwaka 2014 waliouawa Richmond walikuwa 11. Polisi nao walikuwa wamebadili utendaji wao, kwa hiyo sifa si za mpango huu peke yake. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliuhusisha na upungufu wa asilimia 55 wa vifo na majeruhi wa bunduki, ingawa ukatili usiotumia bunduki uliongezeka. Boggan alikwishaondoka mwaka 2016 kuanzisha shirika la Advance Peace, na miji ya Sacramento na Stockton ikauchukua mpango huo.