Kimea na Uchungu: Urithi na Ukopaji katika Msamiati wa Upishi wa Pombe

1.0 Utangulizi

Mtu apikaye pombe nyumbani, awe Rombo, Vihiga au Munich, hukabiliwa na uamuzi kabla hajainjika chungu. Kwanza huamua juu ya kimea: ni nafaka gani ioteshwe, ikaushwe vipi, na ichanganywe na nyingine kwa kiasi gani. Pili, aghalabu huamua juu ya kitu cha kuukata utamu wa kimea hicho. Ulaya kitu hicho kwa muda mrefu kimekuwa hopsi, na Kilimanjaro ni gome la msesewe. Uamuzi huu huonekana kuwa wa jikoni tu. Mhadhara huu unauchukulia kuwa ni wa lugha pia, kwa kuwa kila anayechagua hana budi kuwa na majina ya vitu anavyochagua baina yake.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba msamiati wa kimea na msamiati wa uchungu una historia mbili tofauti. Jina la kimea ni la urithi na limeenea mbali, ilhali majina ya vitia uchungu ni ya mahali, na hubadilika kila kiungo kinapobadilika. Tofauti hiyo ina mafunzo kwa wanaounda istilahi za Kiswahili leo.

2.0 Asili ya neno kimea

Nomino kimea imeundwa kutokana na kitenzi mea na kiambishi cha ngeli ya ki-/vi-. Kwa maana yake ya msingi ni kitu kilichomea, yaani nafaka iliyolowekwa, ikaachwa ichipue, kisha ikakaushwa. Neno hili halikuzuka pwani. Kichewa na Kishona vina chimera kwa maana hiyo hiyo, na katika lugha za Kiluhya hupatikana umbo amamera. Konsonanti inayosikika katika lugha hizo imedondoka katika Kiswahili, kama ilivyodondoka katika vitenzi zaa na vaa, ambavyo huidhihirisha tena l ya kale katika maumbo zalia na valia.

Ulinganisho huu una uzito wa kihistoria. Neno linapopatikana kwa maana moja kuanzia Zimbabwe hadi magharibi mwa Kenya, tena kwa mabadiliko ya sauti yanayotarajiwa, ni vigumu kudai kwamba kila jamii ililiunda peke yake. Ufundi wa kuotesha nafaka na jina lake vilisafiri pamoja na wasemaji wa lugha za Kibantu. Ulaya ya kaskazini inaonyesha hali kama hiyo: malt ya Kiingereza na Malz ya Kijerumani ni maneno ndugu kutoka lugha mama moja.

3.0 Uchaguzi wa kimea

Kimea kina kazi mbili. Nafaka inapoota hutengeneza vimeng'enya, hasa amilasi, ambavyo huvunja wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo chakula cha chachu. Pamoja na hayo, kimea hutoa rangi, harufu na ladha. Kazi hizi mbili hukinzana. Moto mkali huzidisha rangi na ladha, lakini huviua vimeng'enya. Kwa hiyo mpishi mwerevu hagawi nafaka yake ovyo.

Mgawanyo huo ulionekana na wageni mapema. Richard Burton, katika kitabu cha safari yake ya maziwa makuu kilichochapishwa mwaka 1860, alieleza jinsi nusu ya nafaka ya pombe ilivyooteshwa na kutwangwa, kisha ikachanganywa na unga wa nusu iliyosalia. Nusu ya kwanza ilitoa vimeng'enya, na nusu ya pili ilitoa wanga wa kuvunjwa. Wapishi wa busaa wa magharibi mwa Kenya huenda hatua moja zaidi. Unga wa mahindi hukandwa, huachwa uchache, halafu hukaangwa juu ya bati hadi ugeuke rangi. Kimea cha wimbi, kwa upande wake, huanikwa juani tu na hakipitishwi kwenye moto huo. Kinachokaangwa huleta rangi na ladha, na kinachoanikwa huhifadhi nguvu ya kuvunja wanga.

Wapishi wa London walifikia mgawanyo unaofanana na huo kwa njia nyingine. Vipimo vya uzito wa maji ya kimea vilipoenea mwishoni mwa karne ya 18, ilibainika kwamba kimea cheupe kilitoa sukari nyingi kuliko kimea cha kahawia kilichokuwa kikitumiwa katika bia nyeusi. Wakakihamia kimea cheupe, lakini rangi ikapotea. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya mtambo wa kukaangia kimea hadi kiwe cheusi. Tangu hapo kimea cheupe kikawa cha kutoa sukari, na kiasi kidogo cha kimea cheusi kikawa cha rangi.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kueleza tofauti hizi: anika, kausha, oka, kaanga, choma. Kila kimoja hutaja namna mahususi ya kutumia joto. Kimea cha kuanikwa, kimea cha kuokwa na kimea cha kukaangwa ni majina ambayo mpishi wa Vihiga na mwanafunzi wa sayansi ya vyakula wangeyaelewa bila kufundishwa.

4.0 Uchungu na majina yake

Kwa upande wa uchungu hakuna urithi wa namna hiyo. Mbege ya Wachaga hupikwa kwa ndizi mbivu zilizochemshwa muda mrefu na kuachwa zichache, kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Jina lenyewe la kinywaji hicho ni jina la ulezi katika Kichaga. Uchungu hutokana na gome la msesewe, mti uitwao kitaalamu Rauvolfia caffra. Kwa kuwa jenasi ya mti huo ina alkaloidi zenye nguvu mwilini, kiasi cha gome si suala la ladha peke yake. Hapo ujuzi wa mpishi, ambaye kwa desturi ni mwanamke, ni kinga ya mnywaji.

Ulaya nayo ilikuwa na misesewe yake. Kabla ya hopsi kuenea, pombe ilitiwa mchanganyiko wa majani ya porini uliotofautiana kutoka eneo hadi eneo. Hopsi ilishinda kwa sababu, zaidi ya kuleta uchungu, huzuia bakteria wanaoharibu pombe. Ilipoingia Uingereza katika karne ya 15 kutoka upande wa Uholanzi na Flandria, ililazimisha lugha ichague. Ale likabaki jina la pombe isiyo na hopsi, na beer likawa jina la ile yenye hopsi. Mwaka 1542 tabibu Andrew Boorde bado aliiona ale kuwa kinywaji cha asili cha Mwingereza, na beer kuwa cha Mholanzi. Baadaye ale nayo ikatiwa hopsi, na mpaka huo ukafutika.

Msomaji wa Kiswahili atautambua mpaka huo. Pombe na bia zilitengana kwa namna inayokaribiana. Bia, neno lililokopwa kutoka Kiingereza, likashikamana na kinywaji cha shayiri na hopsi, cha kiwandani na cha chupa. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922. Pombe ikasukumwa upande wa pili na kuvishwa kivumishi: pombe ya kienyeji. Kivumishi hicho kinakusanya mbege, busaa na nyingine nyingi katika kapu moja, na kuficha uchaguzi wote wa kimea na uchungu uliomo ndani yake.

5.0 Suala la istilahi

Hopsi huhitaji mchana mrefu wa kiangazi ili ichanue vyema, na kwa hiyo viwanda vya Afrika Mashariki huiagiza kutoka ng'ambo. Jina lake limeagizwa pamoja nayo. Hilo si kosa: mmea mgeni huja na jina lake, kama Kiingereza chenyewe kilivyolipokea jina la hopsi kutoka Kiholanzi. Tatizo huanza pale jina la kitu linapofanywa kuwa jina la kazi. Anayefundishwa kwamba bia hutiwa hopsi, bila kuelezwa kwa nini, hataona kwamba msesewe hufanya sehemu ya kazi hiyo hiyo.

Wapikaji wa nyumbani wa Uingereza, walioondolewa sharti la leseni mwaka 1963, na wa Marekani, walioruhusiwa na sheria ya shirikisho iliyotiwa saini mwaka 1978, huchagua hopsi kwa kazi. Saaz ya Bohemia ina asidi za alfa za asilimia 3 hadi 4 hivi, na hupendwa kwa harufu. Aina nyingine zina zaidi ya asilimia 12, na gramu chache zatosha kuleta uchungu. Inayochemshwa kwa saa nzima hutoa uchungu. Inayotiwa mwishoni huhifadhi harufu. Kwa ujuzi huo Kiswahili kinahitaji istilahi ya kazi, na muundo wake upo tayari katika kipima joto na kizima moto: kitia uchungu. Hopsi ibaki jina la mmea. Kitia uchungu kiwe jina la dhana inayoikusanya hopsi, msesewe na mingineyo.

Uzito wa suala hili hauishii darasani. Katika hotuba za bajeti ya Tanzania za miaka ya 2010, bia ya nafaka ya nchini ambayo haijaoteshwa ilitengewa kiwango chake cha ushuru. Kodi ya taifa iliegemea juu ya kitenzi otesha, kitenzi ambacho mpishi wa kijijini anakielewa kwa mikono yake.

6.0 Hitimisho

Historia ya maneno haya inaonyesha kwamba lugha haikopi kwa umaskini tu, wala hairithi kwa bahati tu. Kimea kimedumu kwa sababu kazi yake haikubadilika. Majina ya uchungu yamebadilika kwa sababu kila nchi ilitumia kilichoota karibu nayo. Mwanaistilahi anayeanzia kwenye kamusi ya Kiingereza atarudi na hopsi peke yake. Anayeanzia kwa mama apikaye mbege atarudi na gome, kipimo chake, na sababu ya kipimo hicho. Wanaokijua kipimo hicho wanazeeka, na mengi ya wanayoyajua hayajaandikwa popote.