Base64: Gunia Si Kufuli

Leo tuongee kuhusu picha zinazosafiri kama maandishi, kwa sababu nusura ziniharibie kazi.

Mwaka 2022 niliunda mfumo wa chama kimoja cha akiba Bungoma. Karani anampiga picha mwanachama kwa kamera ya kompyuta, kivinjari kinaigeuza kuwa maandishi ya Base64, halafu seva inayarudisha kuwa faili. Siku ya kwanza baadhi ya picha zilitokea nusu uso, chini rangi ya kijivu tupu. Nilikesha nyumbani Kitale nikitafuta kosa, kumbe ni alama ya +. Base64 huitumia, lakini fomu za wavuti huisoma kama nafasi, na PHP inaziruka nafasi hizo bila kulalamika.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Niliamini maneno ya mwanzo, "data:image/png", na jina la faili lililotumwa. Rafiki yangu akatuma msimbo wa PHP uliojiita picha, na seva ikauendesha! Vitambulisho vya wanachama vilikuwa kwenye seva hiyo hiyo. Angekuwa mtu mwingine je?

Ndipo nikaanza kusoma chanzo cha kitu hiki. Itifaki ya barua pepe ya SMTP, RFC 821 ya mwaka 1982, ilibeba herufi za biti 7 tu. Picha ina baiti za biti 8, kwa hiyo ingeharibika njiani. Mwaka 1987 ikaja RFC 989, ya barua pepe zenye usiri: chukua baiti 3, zigawe katika herufi 4 kutoka orodha ya herufi 64. Angalieni hapa. Katika mpango huo ujumbe ulifungwa kwa siri kwanza, halafu ndipo ukageuzwa kuwa herufi. Yaani hata katika mradi wa usalama wenyewe, kugeuza herufi hakukuwa usalama. Lilikuwa gunia. Sisi wa Kitale tunajua gunia: linabeba mahindi hadi yafike, lakini halikwambii kama ndani kuna mawe.

Machi 1992 Nathaniel Borenstein alituma barua pepe yenye picha kwa mpango mpya wa MIME, na Juni RFC 1341 ikatoka, Base64 ikiwa ndani yake. Mwaka 1998 Larry Masinter akaandika RFC 2397, iliyoleta yale maneno "data:" yaliyonidanganya. Gharama yake ni kwamba picha ya KB 300 inakuwa KB 400.

Sasa nafanya hivi: base64_decode katika hali kali, ikikuta herufi ngeni inakataa. Kabla ya hapo napima ukubwa. Kisha naifungua picha kwa GD na kuichora upya kama JPEG, hivyo takataka iliyofichwa ndani kwa kawaida haipiti. Jina natunga mwenyewe kwa random_bytes, na folda iko nje ya ile inayofikiwa na wavuti. Anayetaka kuiona picha anapitia msimbo wangu.

Pia nahifadhi alama ya SHA-256 ya kila faili. Hili nililipata kwenye uchaguzi. Agosti 2022 IEBC iliweka mtandaoni picha za Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000, vya Kitale na Bungoma vikiwemo. Walalamishi wakadai fomu zilibadilishwa njiani. Zilipolinganishwa na za karatasi, Mahakama ya Juu haikuona tofauti kubwa, ikatoa uamuzi Septemba 5.

Wao walikuwa na karatasi. Mimi sikuwa na kitu cha kulinganisha, kwa hiyo wanachama wenye nusu uso waliitwa Bungoma kupigwa picha upya, mmoja akitoka Chwele kwa bodaboda. Nauli nililipa mimi.