Erosoli: maana ya neno hili kwenye katoni, na matumizi yake

Wafanyabiashara wanaopitisha mali Kasese na Bwera kuelekea Kasindi, upande wa Kongo, hukutana mara kwa mara na neno AEROSOL kwenye katoni na kwenye ankara. Kwa Kiswahili huandikwa erosoli. Neno hili si jina la bidhaa, bali linaeleza namna bidhaa ilivyofungwa na inavyotoka koponi. Asiyejua tofauti hiyo hukosea mara mbili: kwenye karatasi za forodha na kwenye upakiaji.

Maana yake

Katika sayansi, erosoli ni chembe ndogo mno, au matone madogo mno, yanayoelea ndani ya hewa au gesi nyingine. Ukungu wa asubuhi kwenye milima ya Rwenzori ni erosoli. Moshi wa kuni ni erosoli pia. Madaktari nao hulitumia neno hili wanapoeleza jinsi kifua kikuu kinavyoambukiza: mgonjwa akikohoa, matone madogo hubaki hewani na mwingine huyavuta.

Katika biashara, erosoli ni kopo lenye dawa pamoja na gesi iliyoshindiliwa. Ukibonyeza kichwa chake, gesi husukuma dawa nje kama ukungu. Kopo la namna hiyo lilibuniwa na Erik Rotheim wa Norway katika miaka ya 1920. Chupa inayopulizia kwa pampu ya kidole haina gesi hiyo, kwa hiyo haihesabiwi katika kundi hili.

Matumizi ya kila siku ni mengi: dawa ya mbu na mende, manukato ya kwapani, dawa ya nywele, rangi ya kupulizia magari, na dawa ya kulegeza nati zilizoshika kutu.

Kwa nini yanashika moto

Zamani makopo mengi yalitumia gesi za CFC, ambazo haziwaki lakini huharibu tabaka la ozoni. Baada ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, gesi hizo ziliondolewa. Makopo mengi ya leo hutumia butani na propani, yaani gesi ileile ya kupikia.

Kwenye forodha

Mali hutozwa ushuru kwa kilichomo, si kwa kopo. Dawa ya wadudu iko chini ya namba 3808, ya nywele 3305, na manukato ya kwapani 3307. Anayeandika "erosoli katoni 40" bila kueleza kilichomo hajamwambia ofisa lolote la maana, na gari laweza kusimama hadi katoni zifunguliwe. Kongo karatasi huandikwa kwa Kifaransa, na neno ni lilelile: aérosol.

Kwenye gari

Kwa usafirishaji mambo hugeuka: linalotazamwa ni kopo. Yote huingia chini ya namba ya kimataifa UN 1950, mali ya hatari daraja la 2. Alama nyekundu yenye mwali wa moto maana yake gesi inawaka. Ya kijani maana yake haiwaki.

Makopo mengi yameandikwa yasipate joto linalozidi nyuzi 50. Kasese iko bondeni na jua lake ni kali. Kabini iliyofungwa au turubai jeusi lililoanikwa juani hufika hapo upesi. Kopo likipasuka, gesi inayotoka huhitaji cheche moja tu.

Kwa hiyo katoni hizi ziwekwe mbali na injini na betri, zisilaliwe na mizigo mizito, na utingo asivute sigara karibu nazo. Kopo lililokwisha nalo lisitobolewe wala kutupwa motoni, kwani gesi hubaki ndani.