Elima: Binti Alipochagua kwa Fimbo

Posa ya Bunia leo huanza na orodha. Familia ya binti inaandika mbuzi, vitenge na dola. Upande wa kijana unaisoma na kuomba upunguziwe. Lakini kando ya barabara itokayo Bunia kupitia Komanda na Mambasa hadi Epulu, Wambuti wa msitu wa Ituri walikuwa na uchumba ulioanza na binti mwenyewe, fimbo mkononi.

Ulianzia katika sherehe iitwayo elima. Msichana alipovunja ungo, kambi nzima ilifurahi. Aliingia na wenzake katika nyumba yao maalumu, wakakaa humo wiki kadhaa wakifundishwa nyimbo za wanawake. Colin Turnbull, Mwingereza aliyeishi na Wambuti wa Epulu miaka ya 1950, aliyaeleza kwa kirefu yaliyofuata katika kitabu chake The Forest People cha 1961. Mabinti walijipaka udongo mweupe, wakatoka mbio kuwafukuza vijana. Aliyechapwa alikuwa ameitwa kwenye nyumba hiyo, na kwenda ilikuwa lazima. Kazi ilikuwa mlangoni, ambako akina mama waliilinda nyumba kwa mawe na vijinga vya moto. Na hata aliyefaulu kupenya hakupata haki yoyote juu ya binti. Ridhaa ilibaki kwa msichana.

Wakipendana, kijana alipeleka kwa wakwe nyama ya mnyama aliyemwinda kwa mkono wake, waone kwamba mkewe hatalala njaa. Kisha likaja sharti zito kuliko mali yoyote: ukoo uliotoa binti ulidai binti. Ilimbidi kijana atafute dada yake, au ndugu wa kike wa karibu, aliye tayari kuolewa na kaka wa mchumba wake. Hapo ndoa mbili zilifungamana. Moja ikitikisika, ya pili nayo ilikuwa mashakani, kwa hiyo koo zote mbili zilihimizana kupatanisha. Si kila kitu hapo ni cha kusifiwa: asiye na dada alihangaika, na dada naye aliweza kusukumwa kwa ajili ya furaha ya kaka yake.

Leo Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987 inaagiza mahari kwa kila ndoa. Iliruhusu pia msichana aolewe akiwa na miaka 15, hadi marekebisho ya 2016 yalipoweka 18 kwa wote. Hatua hiyo ni njema, ila sheria haikai barazani siku ya posa. Wazee mnaokaa hapo, kabla hamjamtaja mbuzi wa kwanza, mwiteni binti mumuulize kama kijana huyo ndiye aliyemchagua.