Densiti: Ratili Ndani ya Kibaba

Kwenye ufukwe wa South Beach, Durban, mtoto huweza kujaza ndoo yake maji ya bahari, akaimwaga, kisha akaijaza mchanga. Tuseme ndoo hiyo ni ya lita 10. Maji ya bahari yatakuwa na kilo 10 na robo. Mchanga mkavu utafika kilo 16 hivi. Ndoo ni ileile, ujazo ni uleule, lakini mkono unahisi tofauti. Tofauti hiyo, ikiandikwa kwa namba, ndiyo densiti: tungamo la kitu ukiligawa kwa ujazo wake.

Wapo wanaopendelea neno "msongamano". Lina picha nzuri, kwani kila aliyepanda daladala asubuhi analielewa. Hata hivyo, picha hiyo hupotosha kidogo. Msongamano hutufanya tufikirie vitu vilivyobanana tu, ilhali densiti hutegemea pia uzito wa chembe zenyewe. Zebaki hutiririka kama maji, lakini kwa ujazo uleule huyazidi maji kwa uzito mara 13.6. Neno "uzito" nalo halitoshi, maana gunia la pamba lina uzito mkubwa kuliko msumari, ingawa chuma ndicho chenye densiti kubwa. Kwa hiyo msongamano nauachia watu na magari, na kwenye vipimo nashika densiti.

Densiti ni neno la kukopa, lakini maana yake si ngeni Pwani. Wazee wetu walipima ujazo kwa kibaba na pishi, vibaba vinne vikifanya pishi moja; uzito waliupima kwa ratili na frasila. Methali inasema haba na haba hujaza kibaba, wala haisemi kilichojazwa kina uzito gani. Mchuuzi alijua kwamba pishi ya mchele na pishi ya pumba hazilingani mizanini. Kuuliza kibaba kina ratili ngapi ni kuuliza densiti.

Hapo ndipo ilipo siri ya kubadili vizio. Densiti ina vizio viwili kwa pamoja, na vyote viwili lazima vibadilike. Katika vipimo vya Kiingereza huandikwa ratili kwa futi ya ujazo; katika mfumo wa metriki, kilogramu kwa mita ya ujazo. Tangu makubaliano ya tarehe 1 Julai 1959, ambayo Afrika Kusini ilishiriki pamoja na Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na New Zealand, ratili moja ni kilogramu 0.45359237 kamili, na futi moja ni mita 0.3048 kamili. Futi ya ujazo ni 0.3048 mara 0.3048 mara 0.3048, yaani mita za ujazo 0.0283168. Gawa kilogramu hizo kwa ujazo huo, utapata 16.018. Basi ili kutoka ratili kwa futi ya ujazo hadi kilogramu kwa mita ya ujazo, zidisha kwa 16.018; kwa hesabu ya kichwani, 16 inatosha. Maji ya bahari yenye ratili 64 kwa futi ya ujazo yanakuwa kilogramu 1,025 kwa mita ya ujazo, na ile ndoo ya lita 10 inarudi kwenye kilo 10 na robo.

Ukikuta ratili kwa galoni, uliza kwanza ni galoni ipi. Ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni lita 3.785.

Hesabu hii ina kazi hapo hapo Durban. Mawimbi husukuma mchanga wa pwani kuelekea kaskazini, na kuta za mlango wa bandari huuzuia. Ili fukwe zisiliwe na bahari, mchanga huchotwa karibu na mlango huo na kusukumwa kwa mabomba ukiwa umechanganywa na maji. Densiti ya mchanganyiko ikiwa ndogo mno, bomba linasafirisha maji matupu. Ikizidi, mchanga hutuama na kuliziba. Tena lazima isemwe densiti ya nini. Punje ya mchanga peke yake ina kilogramu 2,650 hivi kwa mita ya ujazo, lakini lundo kavu lina 1,600 hivi, kwa sababu kati ya punje na punje kuna hewa.

Kabla ya kuamini jibu lolote, yapitishe maji safi katika kanuni yako. Maji yana ratili 62.4 kwa futi ya ujazo, na lazima yatoke yakiwa kilogramu 1,000 hivi kwa mita ya ujazo. Yakitoka 28, umebadili ratili ukaisahau futi: umepima mizani, ukaacha kibaba.